Jibu: Mzee anakatika pumzi usingizini, na mashine anaivua

Dada yangu wa Wete, umeuliza kama mashine ya hewa, ile inayompulizia mtu hewa kwa barakoa akilala, inamfaa baba anayesahau mpaka majina ya wajukuu. Inafaa. Kumbukumbu haimrudishii, lakini hewa inazuia koo lisizibe, na huenda mchana akapunguza kusinzia barazani. Bi mkubwa wangu, yaani mama, naye anayo mashine hiyo; tulimpa barakoa yake aichezee mchana kwanza, redio ikilia. Siku ya nne ndiyo tukaiwasha mashine. Usiku akiivua simgombi, namrudishia taratibu. Umeme ukikatika (nyinyi mwaujua wa huko!) mvueni mara moja. Alale ubavu, si chali. Dawa za usingizi msimpe bila daktari, nyengine hulegeza koo.