Mnyaa wa rangi ya moto barazani kwangu

Mama alipokuja Kampala kunitembelea kutoka Shinyanga, alisimama barazani mbele ya mmea wangu akauliza, "Huu si mnyaa?" Nikamjibu ndio mama, nimeununua shilingi 20,000. "Mnyaa unanunuliwa?" Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Simlaumu. Kwetu minyaa ni uzio wa boma la ng'ombe. Unakata tawi, unalichomeka ardhini, unaenda zako. Hata Ziwa Manyara jina lake limetokana na neno la Kimaasai la mmea huu huu. Ila wangu ni ile aina yenye rangi: vijiti vinaanza na kijani huko chini, vinageuka njano, halafu ncha zinaiva rangi ya chungwa mpaka nyekundu, kama makaa yanayopulizwa. Kwa kuwa una kijani kidogo, haujitengenezei chakula kwa kasi ya ndugu zake wa uani, kwa hiyo unakua polepole na haurefuki sana. Kwa sisi wa nyumba za kupanga hiyo ni neema.

Huu nilio nao sasa ni wa pili. Ule wa kwanza, wa kununua, niliuua mwenyewe, kwa utiifu. Aliyeniuzia, kando ya barabara ya Entebbe, aliniambia niumwagilie kila asubuhi, nami nikaumwagilia kila asubuhi. Ulikuwa ndani ya mkebe usio na tundu hata moja, na udongo mweusi ule unaoshikana kama ugali. Ikaingia Aprili na mvua zake. Siku moja nikaona shina limekuwa la kahawia pale linapogusana na udongo. Nilipolibonyeza kwa kidole gumba ganda likabanduka, na harufu yake ilikuwa kama ya kabichi iliyosahaulika kwenye mfuko. Hapo hakuna dawa. Nilikata ncha nne zilizokuwa bado ngumu, nikatupa vilivyobaki.

Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri kuliko pengine pote. Ukikata mnyaa unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na si kidogo. Nilikuwa najua. Nimekulia nao, tulikatazwa kuuchezea tangu tukiwa wadogo. Bado nikafuta jasho kwa kiganja cha mkono ule ule. Kwa dakika chache sikuhisi kitu, kisha jicho likawaka kama limetiwa pilipili. Niliinama chini ya bomba maji yakitiririka robo saa nzima, halafu bodaboda mpaka kwa daktari wa macho. Siku tatu nilikuwa naona ukungu tu kwa jicho lile. Kwa hiyo: glavu, miwani ya aina yoyote, na watoto wakae mbali. Utomvu ukikugusa ngozi, osha kwa sabuni, maana maji matupu yanausambaza tu. Na chungu chenyewe kiweke mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki.

Zile ncha nne, kila moja urefu wa kiganja hivi, nilizichovya maji ili utomvu ukatike, nikazilaza kivulini juu ya gazeti wiki nzima mpaka kidonda kikakauka na kuwa na gamba. Usiharakishe hapo; ukipanda kidonda kibichi kinaoza. Udongo wa safari hii nilichanganya mwenyewe: makopo mawili ya mchanga mkubwa wa zege, sio ule laini wa lipu, kwa kopo moja la udongo wa bustani. Mchanga niliomba kwenye nyumba inayojengwa jirani, na Kampala nyumba zinazojengwa haziishi. Chungu cha udongo, tundu chini. Nikasubiri wiki nyingine kabla ya kutia tone la maji. Tatu zilishika.

Siku hizi naumwagilia baada ya kuchomeka kijiti cha muchomo, yaani nyama choma ya huku, mpaka chini ya chungu. Kikitoka na udongo umenata, naahirisha. Kiangazi inaangukia kila wiki mbili au tatu. Mvua za Machi mpaka Mei, na zile za Septemba na kuendelea, nausogeza chini ya ukingo wa bati na naweza kumaliza mwezi sijautazama. Mbolea sijawahi kutia. Wadudu wameuingia mara moja, vile vidung'ata vyeupe kama pamba, nikavifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Rangi sasa. Wengi wananiuliza natia nini. Sitii kitu, naunyima. Jua kali kwa muda wa saa sita kila siku au zaidi, na maji machache, ndivyo vinavyoufanya utoe wekundu wa kujikinga. Ukiuweka sebuleni karibu na televisheni utarudi kuwa kijani na kurefuka ovyo. Lakini ukiwa umetoka nao kwenye kivuli cha kitalu usiutupe juani siku hiyo hiyo, utababuka. Uzoeshe jua la asubuhi kwanza, wiki mbili hivi. Tawi likirudi kijani kabisa, likate, maana lina nguvu kuliko yale ya rangi na litayazidi.

Kuna jambo moja tu siwezi kulitengeneza hapa: baridi ya usiku. Nililigundua nilipompa wifi yangu wa Kabale mche mmoja kati ya ile mitatu. Kabale iko juu milimani, usiku unalala na blanketi mbili, na baridi ikikutana na jua la mchana ndipo wekundu unapokolea. Wangu wa Kampala, kwa jitihada zote hizi, unaishia njano na rangi ya chungwa, na nyekundu kidogo nchani kiangazi kikikaza.

Juzi wifi amenitumia picha. Wake ni mwekundu kuanzia nusu kwenda juu, umepandwa kwenye ndoo ya rangi iliyopasuka, nje, karibu na banda la kuku. Nikamwuliza anautunzaje. "Wifi, kwani unatunzwa?"