Ukitaka Kuweka Gemu za Kuruka na Kupiga Kibandani

Kibanda cha gemu Mtwara kinaendeshwa na gemu za mpira. Hilo lijue kabla hujanunua padi ya kwanza, yaani kile cha kushika mkononi cha kuchezea. Kuanzia Magomeni hadi Chikongola, dogo akiingia anachagua timu, halafu anatafuta wa kumfunga. Ninachokueleza hapa ni cha pembeni: zile gemu mpya zilizochorwa kwa vijisanduku kama za zamani, ambazo mtu anakimbia, anaruka mashimo, anapiga adui, anafika kwa bosi, yule adui mkubwa wa mwisho wa hatua. Mashine yangu moja inacheza hizo tu. Inanilipa, ila si gemu zote zinazolipa, na sababu ya hii kulipa na ile kugoma haiko kwenye picha.

Uzuri wake wa kwanza ni wa mfukoni. Celeste, iliyotoka 2018, inataka RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 2 tu na nafasi ya gigabaiti moja na kidogo. Kompyuta ya mtumba iliyotupwa na ofisi inaibeba bila kuhema. Ukishapakua hadithi ya bando imeisha. Halafu hazimtaki mtu ajue Kiingereza. Mtoto wa darasa la tatu akiona mwiba anajua ni mwiba.

Kwenye kununua, sura isikuhadae. Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ilikuwa na mipaka yake: vitu vidogo vikizidi vinane kwenye mstari mmoja wa kioo, vya ziada havionekani, ndiyo maana adui wakijazana walikuwa wanapepesa kama taa umeme ukiwa mdogo. Waliotengeneza Shovel Knight ya 2014 walichukua sura ile wakaacha udhia wake. Picha imepanuliwa ienee kwenye TV ya leo, hakuna kupepesa, na rangi chache zimeongezwa pale zilipopungua. Capcom, kampuni inayotengeneza Mega Man tangu zamani, na Mega Man 9 ya 2008, walikwenda njia nyingine kabisa: kuna mahali unawasha kule kupepesa kwa makusudi, na mhusika hatelezi chini wala hakusanyi risasi kubwa, mambo aliyokwisha kuyaweza tangu Mega Man 3 na 4. Mzee aliyekulia kwenye kaseti za gemu atafurahi. Dogo wa leo atakuambia mashine yako mbovu. Mwaka 2010, kwenye Mega Man 10, Capcom waliweka ngazi rahisi, na mimi naona walijibiwa na wachezaji wakasikia.

Kwa hiyo mimi kabla ya kununua naangalia kitu kimoja: gemu inamfanya nini aliyekufa. Gemu nyingi za miaka ya 80 zilikupa roho chache, zikiisha unarudi mwanzo. Wakati ule ilikuwa sawa, kwa sababu aliyenunua kaseti alikuwa nayo nyumbani mwezi mzima. Mteja wako analipia dakika. Ukimrudisha mwanzo mara mbili ameshaona unamla pesa, na anarudi kwenye mpira.

Super Meat Boy ya 2010 ni ngumu kuliko nyingi za zamani, lakini hakuna anayeilalamikia. Ukikatwa na msumeno unasimama tena papo hapo, hakuna kusubiri, na kila hatua ni fupi. Ukimaliza, inakuonyesha majaribio yako yote kwa pamoja: kundi la vijinyama vinakimbia, vinakatwa kimoja kimoja, mpaka kinabaki kile kilichofika. Hapo kibanda kizima kinacheka, hata waliokuwa kwenye mpira wanageuza shingo.

Shovel Knight nayo inaadhibu kwa akili. Ukifa, sehemu ya dhahabu yako inabaki pale ulipofia, ndani ya vifuko vinavyoelea, nawe unarudi kuvifuata. Vituo vya kurudia ni matufe ya kioo; ukilivunja tufe unapata vito, ila hapo pa kurudia hapapo tena. Siku moja padi ilikuwa kwa mmoja na watatu wamemwinamia nyuma. Wawili: "Vunja, vunja!" Wa tatu: "Usivunje wewe, mbele kuna miiba." Akavunja. Shimo la kwanza tu likamla, na padi ikaporwa mkononi kabla hajasema neno. Gemu inayozua ubishi wa namna hiyo inakaa kibandani muda mrefu.

Celeste inasaidia kimyakimya. Ukipitiliza ukingo wa jabali, bado una sehemu moja ya kumi ya sekunde ya kuruka. Mchezaji haoni, anajiona fundi. Ina pia sehemu ya msaada ambapo mwendo unashuka hadi nusu, au mtu hafi kabisa. Wakubwa huwacheka wanaoiwasha. Wakemee. Mtoto wa miaka saba aliyeletwa na mama yake analipa pesa ileile.

Kasoro zake sasa. Kubwa ni kwamba watengenezaji wengi wanaiga mpaka uovu. Kwenye Castlevania ya 1986 na Ninja Gaiden ya 1988, ukigongwa unarushwa nyuma, mara nyingi shimoni. Ukikuta gemu mpya yenye mtindo huo pamoja na vituo vya kurudia vilivyoachana mbali, iache hata kama muziki wake unakuvuta. (Muziki huwa ndio chambo. Zima sauti unapoijaribu.) Nyingine zinanogesha mwanzo halafu zinajikokota. The Messenger ya 2018 inaanza kwa mbio za kininja, katikati picha inahama kutoka mtindo wa biti 8 (wa mashine kama Famicom) kwenda biti 16 (wa mashine zilizofuata), kitendo kilichowaacha vijana midomo wazi. Baada ya hapo unapitishwa upya kulekule ulikotoka, na nusu ya utamu wake ni utani wa muuza duka, kwa Kiingereza, ambao kwetu wanabonyeza tu upite. Nyumbani ni gemu nzuri. Kibandani inachosha.

Halafu nyingi ni za mtu mmoja, na benchi linanuna. Sheria yetu ni kwamba ukifa unapisha. Inafaa Shovel Knight. Kwa Super Meat Boy padi itazunguka mpaka ichakae, hivyo hapo tunapishana kwa hatua. Kwa wawili kwa mpigo kuna Blazing Chrome ya 2019, kutoka Brazili, ya kupiga risasi mwanzo mwisho.

Jambo ambalo wageni wa kazi hii hawalitegemei ni TV. Kwenye mpira kioo kikichelewa kidogo hakuna anayegundua. Kwenye gemu hizi picha hubadilika mara 60 kwa sekunde na kuruka kunapimwa kwa vipande hivyo, kwa hiyo TV ya flati inayoirembesha picha kwanza, ikaichelewesha, inamuua mteja, naye anailaumu padi. Ingia kwenye mipangilio ya TV, tafuta hali ya gemu, iwashe. Kama hiyo TV haina, tumia padi ya waya na ukubali hasara iliyobaki. TV ya chogo haikuwa na tatizo hili, lakini nani bado anayo?

Umeme nao. Gemu ya zamani kama Super Mario Bros. ya 1985 haihifadhi chochote, na Mega Man 2 ilikupa alama za kunakili kwenye karatasi. Hizi mpya zinahifadhi zenyewe, ila nyingine mpaka umalize hatua. Jaribu mwenyewe: cheza hadi katikati ya hatua, chomoa waya, washa tena uone umerudishwa wapi. Fanya hivyo kabla ya Oktoba, kwa sababu pesa za korosho zikianza kutoka Newala na Tandahimba benchi linajaa, na hutakuwa na muda wa kujaribu kitu.