Kipima maji cha Tudor: kinachochelewesha si programu

Mnasema programu ndiyo itakayochelewesha kipima maji chenu cha Tudor, mkono wa bahari hapa Mombasa. La, ndugu, programu si ya kulaumiwa. Mradi wa kipima maji kujaa na kupwa hukwama kwenye vifaa vya kuagiza nje na kwenye siku ya kukifunga baharini. Programu yenye kosa hurekebishwa usiku mmoja. Bodi ya saketi ikikosewa inachongwa upya, inasafirishwa upya, inangoja forodha upya. Kwa hiyo agizeni kwanza kihisi cha mgandamizo (kinachohisi uzito wa maji juu yake) na bodi, pamoja na akiba, hata kabla kasha halijachorwa.

Nayajua haya kwa sababu nilisaidia kufunga kimoja hapa Mombasa. Tulikosa mpira mmoja wa kuzibia maji, kitu cha bei ndogo kabisa, tukapitwa na bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kupita kiasi. Na bamvua haikungoji: huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yakapwa sana saa nne asubuhi hivi, ndipo unapoifikia kwa miguu nguzo ya kukifungia. Ukiikosa, unasubiri wiki mbili nyingine. Basi hesabuni ratiba kurudi nyuma kutoka siku hiyo.

Siku za majaribio msizikate hata mkichelewa. Darubini ya angani ya James Webb ilidondosha skrubu na washa za kifuniko cha kivuli chake cha kukinga jua ikijaribiwa kwa sauti kali mwaka 2018, na ikarushwa Desemba 2021. Bora zidondoke ardhini. Ila kama kipima maji chenu kitafungwa gatini, bamvua haiwahusu sana. Kibali cha kuingia ndicho cha kuombwa mapema.