Maswali ya Wasomaji: Kenya na jedwali la medali za Michezo ya Afrika

SWALI: Kwa Mhariri. Katika Michezo ya Olimpiki, Kenya mara nyingi humaliza ikiwa juu ya nchi zote za Afrika. Lakini Michezo ya Afrika inapofanyika, tunaachwa nyuma na Misri, Nigeria, Afrika Kusini, Algeria na hata Tunisia. Je, wanariadha wetu huzembea wakikutana na majirani, au hesabu ndiyo inayotuonea?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Hakuna anayezembea wala anayeonewa. Jedwali la medali halipimi ubora wa taifa katika mchezo mmoja. Linajumlisha dhahabu za michezo yote iliyoandaliwa, na michezo ambayo Kenya inaitawala ni sehemu ndogo sana ya jumla hiyo. Chukua Michezo ya Rabat ya mwaka 2019. Misri iliondoka Morocco na medali 273, zikiwemo dhahabu 102. Kenya ilipata medali 31, dhahabu zikiwa 11, na karibu dhahabu zote hizo zilitoka katika riadha. Ungetazama uwanja wa riadha peke yake ungesema Kenya imefanya kazi yake barabara; shida ni kwamba wakati huohuo, katika kumbi na mabwawa ya kuogelea ambayo kamera za kwetu hazikufika, medali zilikuwa zikigawanywa kwa makumi na sisi hatukuwemo.

Mfano mzuri kuliko wote ni kunyanyua uzani. Mshindani huinua chuma kwanza kwa mkupuo mmoja kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa. Kisha, katika awamu ya pili, hukiinua kwa hatua mbili, yaani hukifikisha mabegani, akapumua, halafu akakisukuma juu. Katika Olimpiki, uzani bora wa awamu hizo mbili hujumlishwa na medali hutolewa kwa jumla hiyo tu. Katika Michezo ya Afrika hutolewa medali kwa awamu ya kwanza, kwa awamu ya pili na tena kwa jumla, hivyo mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kurudi kwao na dhahabu tatu alizozipata kwa alasiri moja. Sasa mlinganishe na Malkia Strikers, timu yetu ya voliboli ya wanawake, ambayo ilitwaa ubingwa wa Michezo hiyo mjini Brazzaville mwaka 2015: wachezaji 12, mechi baada ya mechi, seti baada ya seti, na mwishowe jedwali likaandika dhahabu moja.

Kuogelea nako ni vivyo hivyo. Kuna takriban mashindano 40 ya medali bwawani, na muogeleaji mmoja hodari anaweza kushiriki mitindo na masafa kadhaa katika juma moja. Mwanariadha wa mita 10,000 hana nafasi hiyo, kwa kuwa miguu haimruhusu. Tena, nchi haiwezi kuingiza zaidi ya washindani watatu katika shindano moja la riadha, hivyo hata Wakenya wakimaliza wa kwanza, wa pili na wa tatu katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, jambo ambalo si geni, bado dhahabu ni moja. Ongeza kwamba marathoni kamili, ambayo ingekuwa shamba letu, imeondolewa na siku hizi hukimbiwa nusu marathoni.

Sababu ya pili ni kalenda, na hapa ndipo ninapokubaliana kidogo na malalamiko yako. Michezo ya Maputo ilianza tarehe 3 Septemba 2011, siku moja kabla ya Mashindano ya Dunia ya Riadha kumalizika kule Daegu. Mwaka 2015 Kenya iliongoza jedwali la Mashindano ya Dunia mjini Beijing kwa dhahabu 7, fedha 6 na shaba 3. Siku tano tu baada ya pazia kufungwa Beijing, Michezo ya Afrika ikafunguliwa Brazzaville, huku mikutano miwili ya mwisho ya Diamond League, yaani mfululizo wa mashindano ya riadha yenye zawadi za pesa, ile ya Zurich na Brussels, ikiwa katika wiki hizohizo. Mwaka 2019 mambo yalikuwa yaleyale: riadha ilikuwa ikiendelea Rabat wakati mkutano wa Zurich ulipofanyika tarehe 29 Agosti, na mshindi wa kila fainali huko alilipwa dola 50,000. Mkimbiaji ambaye maisha yake ya mashindano hayazidi miaka kumi, na ambaye ana jamaa wanaomtegemea, ataenda wapi? Mimi simlaumu. Accra ilipoandaa Michezo ya 2023, iliyosogezwa hadi Machi 2024, ikagongana na maandalizi ya mbio za nyika za dunia zilizofanyika Belgrade mwishoni mwa mwezi huohuo.

Hata hivyo, kalenda isitumiwe kufunika udhaifu wa msingi. Tungepeleka mabingwa wetu wote wa dunia Rabat, tungeongeza dhahabu chache na bado Misri ingekuwa mbali mno. Pengo hilo halizibwi na wakimbiaji wa masafa marefu. Linazibwa na watu wa aina ya Julius Yego, aliyeshinda kurusha mkuki Maputo mwaka 2011 na tena Rabat kwa mtupo wa mita 87.73, au Samuel Gathimba aliyeshinda matembezi ya kilomita 20 Rabat, au Jason Dunford aliyeleta dhahabu ya kuogelea kutoka Algiers mwaka 2007, au Ferdinand Omanyala aliyeshinda mita 100 Accra. Wote hao walichipuka mahali ambapo hapakuwa na desturi ya ushindi wala foleni ya makocha, na ukiwatazama vizuri utaona kwamba wengi wao hawakutanguliwa na mtu wala kufuatwa na kundi.

SWALI: Nilikuwa kijana wakati Kenya ilipoandaa Michezo hii mwaka 1987, na ninavyokumbuka tulishinda karibu kila kitu. Mwanangu anabisha. Tena, vitabu viwili nilivyonavyo vinatoa idadi tofauti za medali za Kenya kwa miaka fulani. Nani anasema kweli?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Mwanao ana haki ya kubisha, ingawa kumbukumbu yako haikuzuka hivihivi. Kenya haijawahi kuongoza jedwali la Michezo ya Afrika, hata pale ilipokuwa mwenyeji. Lakini Agosti ile ya 1987, katika Uwanja wa Kasarani uliokuwa bado mpya, kulikuwa na mambo ya kumfanya mtu aamini vingine. Mabondia wetu walitamba kiasi cha kuwafunika wageni, na mwaka uliofuata Robert Wangila akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul. Paul Kipkoech alishinda mita 10,000 mbele ya mashabiki wa nyumbani, kisha kabla ya mwezi kwisha akawa bingwa wa dunia wa mbio hizohizo mjini Rome. Ni Harambee Stars waliotuacha na donda: walifika fainali ya kandanda, wakafungwa na Misri bao moja kwa bila. Nadhani watu wengi wa rika lako hukumbuka fainali hiyo kuliko medali zote, na fedha ile bado ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya timu yetu ya taifa.

Kuhusu vitabu vyako, huenda vyote viwili vinasema kweli kwa namna yake. Katika ndondi, waliopoteza nusu fainali hawapigani tena, hivyo kila uzani hutoa shaba mbili; judo, mieleka, karate na taekwondo nayo hutoa shaba mbili, na mwandishi asiyelijua hilo akikadiria hesabu kutokana na idadi ya mashindano atapata jumla pungufu. Katika Michezo ya Maputo na ya Brazzaville mwaka 2015, mashindano ya wanamichezo wenye ulemavu yalifanyika pamoja na mengine, na baadhi ya waandishi huyajumlisha, wengine huyatenga. Kuna pia michezo ya maonyesho, ambayo washindi wake huvishwa medali zisizoingia katika jedwali. Ukitaka kulinganisha mwaka na mwaka, tumia dhahabu za riadha peke yake. Hizo hazina utata mwingi, na ndizo zinazoonyesha hasa kama Kenya imepanda au imeshuka.

Halafu kuna swali la namna ya kupanga. Desturi yetu ni kutanguliza dhahabu, kisha fedha, kisha shaba, lakini Wamarekani hupenda kupanga kwa jumla ya medali. Nchi yenye shaba nyingi, kama Algeria ilivyokuwa Rabat, hupanda au kushuka kutegemea kanuni uliyoichagua.

SWALI: Ni kweli kwamba Kipchoge Keino alishindwa na Mtanzania katika Michezo ya Afrika?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ni kweli. Keino alikuwa nyota wa Michezo ya kwanza, Brazzaville Julai 1965, ambako alishinda mita 1,500 na mita 5,000, huku Wilson Kiprugut akishinda mita 800. Kabla ya mwaka huo kwisha Keino akavunja rekodi za dunia za mita 3,000 na mita 5,000. Michezo ya pili ilichelewa, kwanza kwa sababu ya mapinduzi ya Mali, nchi iliyopaswa kuwa mwenyeji mwaka 1969, kisha kwa sababu ya athari za vita vya Nigeria, na ikafanyika Lagos Januari 1973. Huko Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 37.23, Keino akamfuata akiwa ameachwa kwa zaidi ya sekunde mbili na kupata fedha. Tusidhani Bayi alibahatisha. Februari 1974 aliweka rekodi ya dunia ya masafa hayo mjini Christchurch, kwa mtindo wake wa kuongoza tangu mlio wa bastola, na Algiers mwaka 1978 akaitetea dhahabu yake ya Afrika. Kwa upande wa Kenya, aliyeokoa jahazi la Lagos ni Ben Jipcho, aliyerudi nyumbani na dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya kuruka viunzi na maji.