Kwa nini mayowe ya jirani yangu hayachekeshi?

SWALI: Natengeneza filamu fupi ya vichekesho vya kutisha kuhusu majirani wakorofi. Naipenda sana The 'Burbs ya mwaka 1989, hasa pale majirani Ray na Art wanapong'amua kuwa mfupa ulioletwa na mbwa ni wa binadamu, na picha inawarukia usoni kisha inarudi nyuma. Nimejaribu kuiga kwa kuwakimbilia waigizaji na kamera. Imetisha, haikuchekesha. Lenzi yangu haina zumu, yaani haiwezi kuvuta picha karibu bila kamera kusogea.
Msomaji, Mwanza

JIBU: Pale hakuna aliyekimbia na kamera, ndugu yangu. Ni lenzi inayovuta na kuachia. Ukisogea na kamera, vitu vya mbele hukua haraka kuliko vya nyuma, na mtazamaji hujiona yumo uani pamoja nao, lazima aogope. Zumu hukuza vyote kwa pamoja, picha ikawa bapa, na mkono wa mwongozaji ukaonekana waziwazi. Ray na Art wanapiga mayowe, kamera nayo inapiga mayowe. Kicheko kimo humo.

Kukosa zumu si tatizo. Weka kamera kwenye tripodi, rekodi kwa 4K (pikseli 3840 kwa 2160), kisha hariri kwenye mradi wa pikseli 1920 kwa 1080. Hapo unaweza kuivuta picha hadi mara mbili bila kuichakaza. Mvuto mmoja uchukue fremu sita hivi, na usiulainishe mwanzoni wala mwishoni; uanze ghafla, ukome ghafla. Ukiulainisha utafanana na tangazo la benki. Funga tundu la lenzi hadi f/8 ili nyumba ya nyuma isiwe na ukungu.

Ila nina wasiwasi zaidi na waigizaji wako kuliko lenzi. Tom Hanks, aliyeigiza Ray, anaogopa kwelikweli. Hamkonyezi mtazamaji hata kidogo. Hata muziki wa Jerry Goldsmith hauchezi kitoto. Yeye ndiye aliyetunga muziki wa filamu ya vita Patton mwaka 1970, na katika The 'Burbs anazirudia tarumbeta zake mwenyewe kwa Rumsfield, mwanajeshi mstaafu anayelinda mtaa usiovamiwa na yeyote. Zinapigwa kwa heshima zote za kijeshi, ndiyo maana zinachekesha. Kwa hiyo kama umekwisha kupakua muziki wa katuni, ufute.

Mayowe yarekodi peke yake baada ya kupiga picha, kipaza sauti kikiwa mbali kidogo na mdomo na kiwango cha kurekodi kimeshushwa. Ya kwenye kamera yatapasuka.