Jibu: Vilemba vya Akali kuonekana vyeusi
Salaam mkuu. Umesema vilemba vya vinyago vyako vya mm 28 vya Akali (wapiganaji wa kidini wa Kisikh), jeshi la Khalsa (jeshi la Masikh) la 1845, vimekuwa vyeusi tii badala ya buluu, na pete za chuma zinazovishwa kwenye kilemba zimemezwa humo. Angalia kwanza rangi ya msingi. Kama ulipuliza nyeusi, buluu haitatoka hata upake mara tatu. Anza na kijivu. Paka buluu ya kati, kisha buluu iliyokolea uizimue kwa maji iingie kwenye mikunjo tu. Juu ya mikunjo ongeza kijivu kidogo kwenye buluu. Ukitia nyeupe tupu, kilemba kitafanana na jinzi iliyopauka. Pete ziwe za mwisho: zungushia mstari mweusi, kisha fedha kwa ubavu wa brashi, siyo ncha. Koti jekundu waachie askari wa miguu wa kawaida.