Muulize Nesi: Ni bunduki au ni kichaa?

Toleo lililopita niligusia kidogo habari ya watu kupigwa risasi mashuleni huko Marekani, mistari mitatu tu, nikidhani nimepita zangu. Kumbe nimechokoza mzinga. Barua zimekuja nyingi kuliko hata zile za presha na kisukari, nyingine za matusi (hizo nimezisoma pia, asanteni). Nimechagua chache zinazobeba za wenzao.

Nesi shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Masasi. Pale kijiweni tunapokunywa kahawa jioni tumegawanyika kabisa. Wengine wanasema Marekani tatizo ni bunduki zimezagaa, wengine wanasema bunduki haijifyatui yenyewe, tatizo vichaa hawatibiwi. Kuna mzee mmoja ndo kamaliza ubishi, kasema mtu mwenye akili zake hawezi kuua watoto wadogo wa shule, kwaiyo lazima awe kichaa. Nani yuko sahihi?

Marahaba mwalimu. Huyo mzee nampenda ila kakosea njia. Yeye kaanza na tendo, kaona baya mno, alafu akaamua lazima litakua na ugonjwa nyuma yake. Sasa mimi nimekaa wodi ya akili mpaka nastaafu na nakwambia ubaya sio ugonjwa. Mtu anaweza kua na chuki, wivu, kisasi, au hamu tu ya kutajwa na dunia nzima, na akili yake ikawa inafanya kazi vizuri kabisa, tena vizuri mno. Yule wa Christchurch, New Zealand, aliyeingia misikitini Ijumaa ya Machi 15, 2019 akaua waumini 51, alipanga kwa muda mrefu, akaandika sababu zake, mahakama ikamhukumu kifungo cha maisha bila nafasi ya kutoka. Ile ni chuki ya kujifunza. Ukimuita kichaa unamwekea na kisingizio.

Na kuna mtafiti anaitwa Jeffrey Swanson wa Chuo Kikuu cha Duke kakaa na hili jambo miaka mingi, anachosema ni kwamba hata ungeamka kesho ukakuta magonjwa yote makubwa ya akili Marekani yamepona, ukatili wa watu kwa watu ungepungua kwa kama asilimia 4 tu. Zingine zote zingebaki palepale. Alafu jiulize mwalimu, hivi wagonjwa wa akili wapo Marekani peke yake? Wapo Japani, wapo Uingereza, wapo hapo hapo Masasi. Ambacho wenzetu wa Marekani wanacho na sisi hatuna ni bunduki, mwaka 2018 taasisi ya Small Arms Survey ilikadiria bunduki milioni 393 mikononi mwa raia, yaani bunduki zimewazidi watu wenyewe.

Sasa kabla wale wa "ni bunduki tu" hawajaanza kushangilia hapo kijiweni, na wao nawapunguzia maksi. Chuo kikuu cha Virginia Tech, Aprili 2007, mwanafunzi aliua watu 32. Huyo miaka miwili nyuma, 2005, alishafikishwa mbele ya hakimu akaamriwa akatibiwe kama mgonjwa wa nje, amri ipo kwenye karatasi, ila jina lake halikupelekwa kwenye mfumo wanaokagulia wanunuzi wa silaha, kwaiyo akaenda dukani akauziwa kama mimi navyonunua sukari. Lewiston, jimbo la Maine, Oktoba 2023, watu 18, aliyefanya alikua mwanajeshi wa akiba, ndugu zake walishatoa taarifa, wenzake jeshini walishatoa taarifa, mwezi Julai alilazwa hospitali ya akili wiki mbili, akatoka, bunduki zake zikabaki kwake. Sandy Hook, Desemba 14, 2012, watoto 20 na watu wazima 6 wa shule, kijana wa miaka 20, silaha zilikua za mama yake, mama alizinunua kihalali, na mama ndo aliuawa wa kwanza, nyumbani. Hapo utasema ni bunduki au ni akili? Vyote viwili vilikua nyumba moja na kila mtu alikua anaona.

Kwaiyo mimi swali la "kipi kati ya hivi" nalikataa. Swali langu ni hili, mtu akianza kuharibikiwa na watu wakaona, nani ana uwezo wa kuisogeza ile bunduki mbali naye kwa muda, na nani anampeleka atibiwe? Connecticut walitunga sheria ya hivyo mwaka 1999, Florida wakafuata 2018 wiki chache baada ya watu 17 kuuawa shuleni Parkland, hakimu anasikiliza, akiona kuna hatari anaamuru silaha zichukuliwe kwa muda. Haisemi huyu kichaa, haisemi huyu mhalifu, inasema tu kwa sasa hapana. Mimi naona ni sheria yenye adabu.

Nchi nyingine zilienda mbali zaidi. Australia baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur Aprili 1996, waziri mkuu John Howard (wala hakua mtu wa siasa za mrengo wa kushoto) alinunua bunduki za wananchi na kuziharibu, kama 650,000 hivi. Uingereza baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa Dunblane mwaka huohuo, bastola za raia zikapigwa marufuku 1997. New Zealand baada ya Christchurch haikuchukua hata mwezi kupiga marufuku bunduki za mtindo wa kivita. Marekani haiwezi kirahisi hivo kwasababu haki ya kumiliki silaha imo kwenye katiba tangu 1791 na Mahakama Kuu yao mwaka 2008 ilisema ni haki ya mtu mmoja mmoja. Lakini walipotaka waliweza kidogo, baada ya Uvalde, Texas, Mei 2022, watoto 19 na walimu 2, kijana aliyejinunulia bunduki kihalali alivyotimiza tu miaka 18, bunge lao lilipitisha sheria mwezi uliofuata ikibana ukaguzi wa wanunuzi wa chini ya miaka 21 na kutoa pesa za huduma za akili. Vyote viwili kwenye sheria moja, umeona?

Kitu kinachoniudhi mimi, mwalimu, ni yule mwanasiasa ambae kila watu wakifa anasimama kwenye TV anasema "hili ni suala la afya ya akili" alafu ukifungua bajeti hakuna kitu. Wamarekani mwaka 1955 walikua na wagonjwa zaidi ya laki tano kwenye hospitali za akili za majimbo. Rais Kennedy mwaka 1963 akasaini sheria watolewe wakatibiwe huko wanakoishi, wazo zuri sana, hospitali zikapunguzwa kweli, ila vituo vya mitaani vilivyojengwa havikutosha, wengi wakaishia barabarani na jela. Kwaiyo akija mtu hapo kahawani akisema tatizo ni akili, muulize tu kwa upole, wewe umeongeza shilingi ngapi?

Nesi, mimi naishi Mtwara Vijijini jirani na mto Ruvuma. Sisi Oktoba 2020 Kitaya walivuka watu kutoka ng'ambo wakatuchomea nyumba wakaua. Usituletee habari za kupunguza bunduki. Kila mwenye nyumba apewe yake.

Poleni sana ndugu yangu, na hofu yako siidharau. Ila ile haikua ya mtu mmoja kuamka vibaya, ni vita iliyoanza Cabo Delgado, huko Msumbiji, tangu Oktoba 2017, kundi zima lenye silaha za kivita. Hiyo ni kazi ya jeshi. Bunduki moja uvunguni kwako mbele ya kundi kama lile, mwenye faida nayo ni wao watakaoiokota. Usisahau Dar es Salaam Agosti 25, 2021 karibu na ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja aliua polisi 3 na mlinzi 1, na katika zile silaha alizozunguka nazo zilikuwemo za haohao polisi. Na wale wamefundishwa. Wewe na mimi?

Shikamoo mama Nesi. Nipo Nachingwea. Mwanangu ana ugonjwa wa akili mwaka wa nne sasa, anachoma sindano kila mwezi na yuko vizuri, analima, anapika. Lakini tangu mambo ya Marekani yaonyeshwe kwenye TV majirani wanasema ipo siku na huyu atatufanyia. Sasa kaka yangu, mjomba wake, anataka usiku tuwe tunamfunga kamba. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Kamba hapana. Hapana kabisa, na barua hii mpelekee kaka yako aisome mwenyewe, najua huku kwetu mjomba akishasema imetoka, ndo maana naongea na yeye moja kwa moja. Mjomba, huyo kijana anayechoma sindano yake kila mwezi na kwenda shamba sio hatari kwenu. Wagonjwa kama yeye wanapigwa, wanaibiwa, wanabakwa, wanafungiwa, mara nyingi zaidi kuliko wao wanavyoumiza watu, na ukimfunga kamba unachomfundisha ni kuwaogopa ninyi na kuikimbia hiyo kliniki inayomweka sawa.

Vya kuangalia vipo na sio siri: akikosa usingizi siku tatu nne mfululizo, akianza kuzungumza na sauti au kudhani mmemuwekea sumu kwenye chakula, akiruka sindano, na zaidi pombe na bangi, hizi mbili ndo zinazoharibu kazi yote. Ukiona hayo usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke hospitali ya wilaya siku hiyohiyo, wao wakishindwa watampeleka Sokoine pale Lindi au Ligula kwa upande wa Mtwara. Kama kachachamaa hataki kwenda, Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaruhusu ndugu au polisi wamfikishe kwenye matibabu hata kama yeye anakataa, kwaiyo nguvu ikihitajika ipo ya kisheria na inaishia hospitalini. Mirembe, ile hospitali kubwa ya akili ya Dodoma, ni mbali, Mtwara mpaka Dodoma ni zaidi ya kilomita 1,000, wengi wenu hamtahitaji kufika huko mkiwahi.

Na hao majirani, mmoja mmoja, mkaribishe akae na kijana wakati anapika. Hotuba haitawasaidia.

Nesi habari. Nipo Liwale. Baba alifariki akaacha gobole, alikua analindia shamba nguruwe na nyani, lipo darini. Mdogo wangu msimu huu wa korosho kapata hasara kubwa, ana madeni, hali chakula vizuri, hapati usingizi, juzi kaniambia "bora ningetangulia mimi kuliko baba". Mke wangu anasema niongee nae, mimi naona nikimuuliza nitamtia wazo. Alafu nimesoma habari zako za Marekani nikakumbuka lile gobole.

Umekumbuka vizuri kuliko wote walioandika. Watu wanaona yale ya mashuleni kwasababu yanaonyeshwa, lakini Marekani mwaka 2022 bunduki ziliua watu kama 48,000 na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Hapo ndipo akili na bunduki zinakutana kweli, sio kwenye sinema ya muuaji. Kwa wengi wanaofikia hapo ni wimbi linapanda na kushuka, masaa, siku chache, na mtu akivuka salama wengi wao hawarudii. Jeshi la Israel mwaka 2006 lilibadilisha kitu kimoja tu, vijana wakienda nyumbani wikiendi waache bunduki kambini, na kujiua kwa askari wa umri huo kukashuka kama asilimia 40. Sri Lanka walipiga marufuku sumu kali za mashambani na vifo vya kujiua vikaporomoka miaka iliyofuata. Na ninyi wa korosho hapo ndo nawataka, dawa za kupulizia mikorosho msiziweke uvunguni au jikoni, ziwe kwa mtu mwingine au kwenye sanduku lenye kufuli na funguo uwe nayo wewe.

Sasa mdogo wako. Muulize leo, wewe mwenyewe, mkiwa wawili, bila kuzungukazunguka: "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo, wazo lishafika kabla yako, unachofanya ni kumpunguzia kulibeba peke yake. Akisema ndio usimhubirie kuhusu dhambi, usimwambie mbona fulani ana shida zaidi. Kaa nae, asilale chumba peke yake, kesho asubuhi hospitali ya wilaya, mwambie mganga maneno yaleyale aliyokwambia. Hiyo hali ya kutokula, kutolala na kukata tamaa inaitwa sonona na inatibika. Madeni mtayapanga baadae, tena wewe ndo uende kwa hao wanaomdai ukaombe muda.

Gobole usimpe jirani akutunzie, wala mjomba, maana leseni (kama baba alikua nayo) ilikua ya baba na haihami na urithi, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015 itawabana wote wawili. Usilibebe begani kwenda nalo kituoni pia, utashangaza watu. Nenda kwanza mikono mitupu kwa mtendaji wa kijiji, mueleze baba kafariki kaacha silaha, nyumbani kuna mgonjwa, mnataka kuikabidhi, alafu muende pamoja polisi wawaambie ifikishwe vipi, na mkikabidhi dai karatasi. Wakati unasubiri, mdogo wako asijue lilipo na baruti ikae mbali nalo kabisa. Mkija kulihitaji tena mtaomba upya kwa jina la mtu mwingine, na ukaguzi wa akili timamu ni sehemu ya hilo ombi. Nguruwe wa msimu huu mgawane zamu za usiku na majirani, au muoneni afisa wanyamapori wa wilaya.